Meno ya Juu Kwanza

Bibi Yuliana alililia hindi la kuchoma kwa miaka mingi, na siku alipolipata akalitema.

Alilitema kiungwana, kwenye kiganja, akaliweka pembeni ya jiko. Mjukuu wake Janeth alikuwa kwenye kigoda akimnyonyesha mwanawe Deo, na alidhani pengine hindi limekomaa mno.

"Gumu, Bibi?"

"Si gumu." Bibi alipitisha ulimi kwenye meno yake mapya. "Halina ladha tu. Nikorogee uji, mama. Uwe mwepesi."

Janeth alicheka. Mtu amechomwa sindano za ganzi, ametobolewa mfupa, amesubiri masika nzima apate meno, kumbe meno yenyewe ni ya kunywea uji. Alicheka mpaka Deo akaachia ziwa, na kwa kicheko kile hakuona kwamba Bibi hakuwa akiliangalia hindi wala jiko. Alikuwa akiliangalia ziwa.

Ni haki tuseme bibi huyu alikoyatoa meno hayo, maana wapo mtaani kwetu Kihonda waliosema alijitakia, na watu wa Kihonda kwa kusema hawachelewi. Yuliana alikuwa mkulima wa Matombo, mwenye migomba yake na miti michache ya karafuu. Alimzika binti yake, akamlea mjukuu, na mjukuu alipoolewa na kupata mtoto, bibi akashuka mlimani kuja kumlelea, kwa kuwa Leonard, mume wa Janeth, ni dereva wa malori na nyumbani huja kama mgeni. Alishuka na fizi tupu. Alijaribu meno ya bandia, yale ya kuvaa na kuvua, yakamwaibisha kwenye harusi ya jirani: alipiga kigelegele, meno yakamtoka yakatua kwenye sinia la pilau mbele ya wakwe. Kwa muda mrefu baada ya hapo watani wakimwona anakuja walifunika sahani zao. Yeye alicheka nao, lakini alicheka amejiziba mdomo kwa ncha ya khanga, na kanisani akawa anaimba midomo imefumbwa. Iliniuma kumwona hivyo, maana alikuwa mwanamke mcheshi.

Ndipo ikafunguliwa kliniki ndogo ya meno karibu na barabara kuu, iliyotangaza meno ya kupandikiza kwa bei ambayo hata mkulima angeweza kuisikia bila kutafuta pa kukaa. Daktari Geofrey, kijana mpole aliyetoka Mbeya, alimweleza taratibu. Taya linatobolewa, zinaingizwa skrubu ndogo, mfupa unazishika, kisha meno yanafungwa juu yake. Hayavuliwi. Mtu analala nayo na anazikwa nayo. Karafuu za msimu ule zilitosha taya moja tu.

"Mimi ningeanza na la chini," daktari alisema. "Mfupa wa chini ni mgumu, unashika mapema. La juu tutalifanya mwakani."

"Ya chini nani anayaona, baba?" Bibi akasema. "Nipe ya juu. Hiyo mwakani sijui kama nitakuwepo."

Hakuna aliyekumbuka kitu. Mluguru akiambiwa mtoto wa jirani ameota jino, huuliza juu au chini kabla hajauliza hata jina la mtoto. Lakini hayo ni mambo ya watoto wachanga, na nani aliwahi kufikiri kwamba ajuza naye huota meno? Hata Bibi mwenyewe, aliyekua na mila hizo, alilala kwenye kile kiti akiwaza kicheko chake tu.

Baada ya hindi ikaja harufu. Chumba cha Bibi kilianza kunuka maziwa, siyo ya ng'ombe, ila maziwa ya mama yaliyochachia kwenye nguo, na ndani yake harufu ya tope la mtoni na majani yaliyooza. Janeth alifua mashuka, akaanika godoro, akapiga deki kwa dawa. Harufu ilibaki palepale, maana ilikuwa ikitoka mdomoni mwa Bibi kila aliposema.

Kisha ikaja sauti. Kihonda baada ya chakula cha mchana hunyamaza. Mabati yanalia kwa jua, kuku wanajichimbia kivulini, na mwenye mtoto hulala na mtoto wake. Janeth alikuwa akifagia uani, Deo amelala mgongoni, aliposikia mtoto ananyonya. Ni sauti ambayo mama hakosei: midomo inavuta, koo linameza, pua inahema kwa haraka. Ilitoka chumbani kwa Bibi. Akasukuma mlango polepole. Bibi alikuwa amelala chali, usingizini, mikono ameikunja kifuani na vidole amevifumba ngumi, midomo imeviringika ikinyonya hewa, na pembeni ya mdomo kulikuwa na tone jeupe lililokuwa likishuka kuelekea sikioni. Janeth alihisi baridi kifuani. Blauzi yake ilikuwa imelowa, na maziwa yote mawili yalikuwa matupu, yamelegea, kama ya mwanamke aliyemaliza kunyonyesha sasa hivi.

Tangu siku hiyo Deo akawa analia njaa. Alikuwa mtoto mnene wa kusifiwa kliniki, akaanza kupungua. Mashavu yakashuka, mapaja yakalegea. Janeth alikula matembele, alikunywa supu ya pweza waliyoileta majirani, alikunywa uji wa karanga mpaka ukamkinai, lakini kila alipomweka mwanawe ziwani alikuta mwenzake ameshapita. Alimwonea aibu Bibi na alimwogopa, na zaidi ya yote alijichukia kwa kumwogopa mtu aliyemlea.

Alasiri moja alijilaza sebuleni na Deo ubavuni, usingizi ukamchukua mwepesi, ule ambao mtu husikia redio ya jirani huku anaota, na akaota paka anamlamba kifuani, ulimi wake mkavu, na akanyoosha mkono kumfukuza na mkono ukagusa nywele fupi zenye mvi, akafumbua macho, akamwona Bibi amepiga magoti kando ya mkeka na uso wake karibu kabisa na kifua cha Janeth, mdomo wazi, meno mazuri meupe ya juu yakimeta na chini yake fizi tupu, na macho ya Bibi yalikuwa macho ya Bibi kabisa, yamejaa machozi, yanamtazama mjukuu wake kama mtu anayeomba kushikwa asianguke.

"Nishike, Janeth," Bibi alinong'ona. "Si mimi."

Wakaenda kliniki. Daktari Geofrey alikagua fizi akazisifu. Zimepona vizuri, alisema, ni nadra kwa umri huu. Akapiga picha ya eksirei. Aliitazama muda mrefu, akapiga nyingine, akaitazama na hiyo, kisha akamvuta Janeth pembeni.

"Mashine imekosea," alisema kwa sauti ya chini. "Skrubu zangu zipo, hizi hapa. Lakini juu yake, ndani ya mfupa, kuna meno mengine yanasubiri kutoka. Unaona haya madogo? Hili ni taya la mtoto wa miezi michache."

"Yang'oe, daktari. Yatoe yote, hata yale uliyoyaweka."

Alijaribu. Alichukua bisibisi yake ndogo akaanza kulegeza meno aliyoyafunga mwenyewe, na skrubu ilizunguka vizuri, na alipoiachia ikazunguka tena peke yake kurudi ilikotoka, mbele ya macho yao. Akaishika tena. Ndipo mdomo ukafumba. Bibi hana meno ya chini, lakini kidole cha daktari kilitoka kikivuja damu, na kutoka kooni kwa yule ajuza kikaja kicheko chepesi cha mtoto anayetekenywa.

Daktari alijifunga bandeji mwenyewe. "Mama," alimwambia Janeth, "nyumbani kwenu kuna wazee? Waulizeni wazee kwanza. Halafu mje."

Jioni ile Janeth alipokuwa akimwogesha Deo aliona alama begani kwake: upinde mmoja mwekundu wa meno, upande mmoja tu. Alama ya mtu kung'ata huwa na pande mbili. Hii ilikuwa na ya juu peke yake.

Hakupiga kelele. Alimfunga mtoto mgongoni, akasimama mlangoni kwa Bibi. Bibi alikuwa ameshafunga khanga zake kwenye kifurushi.

"Nimeionja damu yake," Bibi alisema. "Nipelekeni Mkuyuni kwa dada Sabra kabla sijamla mtoto wako."

Sabra alikuwa dada yake Yuliana, kwa maana ya mtoto wa mama mkubwa. Aliolewa na Mwislamu wa Mkuyuni akasilimu, na ukoo haukugombana naye, kwani Waluguru hugawana dini wasigawane ukoo. Mwanawe Abasi ni mwalimu wa madrasa, na watu hutoka mbali kuja kusomewa naye. Walikodi Noah ya jirani, wakafika Mkuyuni, katikati ya njia ya kwenda Matombo, asubuhi kabla soko halijachanganya. Bibi alikaa kiti cha nyuma kabisa, amejifunga khanga mdomoni na kuikaza kwa fundo, kwa hiari yake.

"Shikamoo mama mdogo," Abasi alimwamkia. Bibi akaitikia kwa kichwa tu.

Mwalimu Abasi alifukiza ubani, akamsomea sikioni, akampa kombe, maji yaliyooshewa maandishi ya aya, anywe. Mwanzoni hapakutokea kitu. Kisha Bibi akaanza kulia, kilio cha mtoto mchanga mwenye njaa, kile kinachopanda na kukatika pumzi, na Deo aliyekuwa amelala mgongoni kwa mama yake akaamka akaitikia kwa kilio hichohicho, wakawa wanapokezana, ajuza na mtoto, mpaka kuku wa uani wakakimbia.

"Jina lako nani?" Abasi akauliza.

Kilio kikakoma. "Sijapewa," ikajibu sauti, kwa Kiluguru cha zamani, kile cha bibi zetu, na ilikuwa sauti ya mtoto anayejifunza kusema.

"Unataka nini?"

"Njaa."

Abasi akasoma tena, akaongeza sauti, jasho likimtiririka, kisha akafunika msahafu. "Mama," alimwita Sabra aliyekuwa nyuma ya pazia, "huyu hanifahamu wala haniogopi. Hajafanya kosa ambalo naweza kumshtakia."

Sabra alitoka, mkongwe amepinda mgongo, akaja akakaa chini mbele ya ndugu yake. Alimfungua khanga, akamtazama mdomoni. Akamgeukia Janeth.

"Haya meno, yalitangulia yapi? Ya juu au ya chini?"

Janeth alifungua mdomo kujibu, na hapo hapo akaelewa anaulizwa nini. "Ya juu, Bibi. Ya chini bado."

"Basi ni yeye," Sabra alisema. Akamshika Yuliana mkono. "Ulikuwa na mdogo wako wa kiume. Unamkumbuka?"

"Alikufa kwa homa," Bibi akasema kwa sauti yake, akiyakwepa macho ya Sabra.

"Hiyo homa ndiyo aliyoambiwa padre. Mdogo wako alikuwa kigego, Yuliana. Aliota mawili ya juu kabla ya kuota ya chini, na mwaka ule mvua ilikuwa imegoma, watu wanazika kila wiki. Bibi zetu walimchukua, wakamlaza kwenye jiwe katikati ya mto, juu ya Matombo, wakarudi bila kugeuka. Hakubatizwa, hakupewa jina, hakuliliwa. Walisema kigego akililiwa hurudi. Mimi nilikuwa msichana mkubwa, nilibeba taa." Akafuta macho. "Mama yenu hakutamka tena neno jino mpaka anakufa."

Abasi ndiye aliyesema, kwa upole. "Mtoto aliyeachwa majini hafi peke yake, mama mdogo. Wenye maji humwokota wakamlea. Huyu nusu ni jini, na hiyo nusu naweza kuiunguza. Nusu iliyobaki ni damu yenu. Alikuwa akitafuta mdomo wa ukoo unaofanana na wake, na wewe umempa."

"Nimempa," Bibi alisema, na hapo uso wake ukalegea, sauti ndogo ikarudi, na macho yakatazama moja kwa moja mgongoni kwa Janeth.

"Huyo ni wa nani?"

"Wangu," Janeth akasema.

"Ni wa ukoo. Ametoka tumbo la dada yangu. Mimi ni mjomba."

Hapo ndipo Janeth alipoogopa kweli, maana neno lile lilikuwa la haki. Kwa Waluguru mtoto ni wa upande wa mama, na mjomba ndiye mwenye kauli. Leonard mwenyewe, pamoja na ubabe wake wote wa barabarani, hakuthubutu kumpeleka Deo kwao mpaka ukoo wa mkewe uliporuhusu. Sauti ikaendelea, kwa utulivu, kama mzee anayegawa shamba.

"Akiota ya juu kwanza ni mwenzangu, nitamchukua tukae wote mtoni, nimechoka kukaa na wasio watu. Akiota ya chini ni wenu. Nitasubiri."

Bibi Yuliana akajipiga kofi mdomoni. Akajipiga tena, akaushika mdomo kwa mikono yote miwili, akausemesha kwa ghadhabu ya dada mkubwa. "Hutasubiri kwenye nyumba ya mtoto. Utasubiri kwangu. Nilikubeba mgongoni ungali hai, nitakubeba tena. Twende nyumbani."

Janeth alimlilia asiende. Walitafute taya la chini, alisema, wamwombe daktari aliweke sasa hivi kwa mkopo, wamwite padre, wamngoje Leonard. Bibi alimpapasa shavu bila kumsogelea zaidi ya urefu wa mkono.

"Mimi nilitaka kucheka tu, mama," alisema. "Usije kunitembelea na mtoto. Hata nikikuita."

Noah ikampandisha Matombo mchana uleule, na Janeth akarudi Kihonda na mwanawe.

Maziwa yalirudi. Deo alinenepa tena, majirani wakapata la kusema, na nyumba ikanuka sabuni na vitunguu kama nyumba za watu. Bibi alikuwa akipiga simu siku za Jumapili, akisema hajambo, migomba imezaa, huyu mdogo wangu naye ametulia, namkorogea uji wa mdalasini. Lakini watu wa Matombo walioshuka sokoni walileta habari nyingine: kwamba yule bibi hufunga khanga ya mbeleko mgongoni na ndani yake hamna kitu, na bado hutembea ameinama, anahema, kama aliyebeba mzigo unaokua kila siku. Janeth aliyasikia hayo akayameza. Kila asubuhi aliosha mikono, akapitisha kidole kwenye fizi za mwanawe, akaanzia chini.

Ikafika siku Deo alikuwa na homa kidogo, udenda unamlowesha kifua. Janeth aliweka kidole chini, pakawa laini. Akapapasa tena chini, kwa muda mrefu, akimwomba Mungu na watakatifu wote aliofundishwa na Bibi. Kisha akapeleka kidole juu. Kitu kigumu kikamkwaruza. Akaufungua mdomo wa mtoto kuelekea dirishani, akaona nukta mbili nyeupe, zimekaa pamoja.

Simu ikaita. Ilikuwa namba ya Bibi, na haikuwa Jumapili.

"Shikamoo Bibi," Janeth alisema.

Hakuitikiwa. Alisikia mtu anavuta hewa kwa midomo, anameza.

"Ameota?" ikauliza sauti ndogo.

Janeth alimtazama mwanawe, naye mwanawe alikuwa akimtazama. Hakuwahi kusema uongo kwa mkubwa wa ukoo.

"Ameota, mjomba. Mawili. Ya chini."

Midomo ikanyonya tena hewa, polepole, hata akaanza kuamini kwamba yule ni mtoto tu, na mtoto hudanganyika.

"Dada Yuliana naye aliwaambia chini," sauti ilisema, bila hasira. "Siku walipokuja kunitazama, alisimama mlangoni akawazuia. Akawaambia ya chini, nimeyaona mwenyewe. Wakamsogeza, wakanifungua mdomo."

Kisha pumzi ikabadilika, ikawa nzito ya mtu mzima anayetembea haraka kupita nguvu zake, na sauti iliyokuja ilikuwa ya Bibi Yuliana.

"Mchukue mtoto uondoke hapo, mama. Miguu hainisikii. Tumeshapita Mkuyuni."